Kobe Haulizwi Hati

Mto wetu ni mdogo. Ukikunja suruali hadi magotini
unauvuka bila kuuomba radhi.
Kwenye ramani ya jimbo ni uzi wa samawati
uliomdondoka fundi cherehani, asijisumbue kuuokota.

Mwaka wa vita nilikuwa na miaka saba.
Mwanajeshi alileta karatasi. Baba,
ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia misumari,
akanikabidhi mimi niisome kwa sauti:
siku kumi. Watu, ng'ombe,
na kila kisicho na mizizi.

Mama akauliza, "Na sauna je?"
Maana ile ilikuwa na mizizi. Baba aliijenga
kabla ya nyumba, kama walivyofanya kwao Ufini,
pale mto unapojikunja mfano wa kiwiko cha aliyelala.
Nilizaliwa humo, kwenye ubao wa chini,
ndani ya mvuke na harufu ya kuni mbichi.
Asubuhi ya kuhama Mama aliusugua ubao ule, akaufuta,
akaufuta tena,
kana kwamba jeshi linakuja kuoga.

Halikuoga. Lilipanda mabomu
penye viazi. Maghala ya zege, juu yake udongo,
juu ya udongo nyasi,
vilima vya uongo vyenye milango ya chuma.
Mto ukapita katikati yao bila kibali,
na hakuna askari aliyethubutu kuuliza jina lake.

Sisi tulihamia juu ya duka la viatu.
Baba akapata kazi kiwandani, akisokota sufu
ya makoti ya askari walewale.
Alizikwa na ufunguo wa zizi mfukoni.
Mimi ndiye niliyeutia.

Vita vikaisha, vikaja vingine, navyo vikaisha.
Siku serikali ilipochoshwa na mabomu yake
tuliandika barua, familia kumi na moja,
kwa mwandiko wa kanisani.
Jibu lilikuwa fupi: ardhi imetengewa wanyamapori.
Wanyamapori!
Nilimchukia kila mwenye mkia.
Miaka mingi nilipita njia ya mbali
nisiusikie ule mto.

Aliyenirudisha ni kijana Thibodeau, mlinzi wa hifadhi,
mwenye masikio makubwa na adabu.
Alitaka nimwonyeshe visima vya zamani
asije akatumbukia.
Nikamwonyesha. Akanionyesha maghala:
popo mia mbili wananing'inia gizani
palipokuwa na baruti,
na biva amejenga boma lake juu ya daraja letu,
bovu, limeinama upande, kama la Baba.
Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sasa nina themanini na nane.
Kila Juni naketi kando ya barabara na bendera nyekundu,
nasimamisha magari, kobe wa kinamasi wavuke.
Madereva hunionea huruma. Wengine hupiga honi.

Jana alitoka mtoni mmoja, koo lake la manjano,
gamba limelika hadi likawa laini kama sabuni ya wiki jana.
"Huyu," Thibodeau akanong'ona, "huenda alikuwapo
kabla ya vita."
Alielekea kwenye mawe ya sauna,
pale mchanga unapopata jua.
Hutaga hapo. Huchimba kwa miguu ya nyuma, bila kutazama.
Yeye hakusomewa karatasi.

Sijasamehe, isieleweke vibaya.
Lakini lori lilikuwa linakuja,
nikainuka, magoti yakapiga kelele, nikambeba.
Kanuni ni moja: mvushe kuelekea anakokwenda,
usimgeuze,
hata ukidhani wewe ndiye unayejua kwao.

Nilimweka upande wa pili.
Alikuwa amenikojolea hadi kiwikoni.
Thibodeau akanipa kitambaa.
Nikakishika tu.